Ua la Mkeka Lina Hesabu Yake

Na Bwana Shamba, Mngeta

Mpunga ukishaingia ghalani, akina mama wengi wa hapa Mngeta hukaa chini ya mwembe na kusuka ukili. Mikono inakwenda, na mazungumzo yanakwenda. Ukipita njiani utadhani wanapumzika. Hawapumziki. Wanafanya kazi, tena kazi yenye hesabu. Mimi mwenyewe sikuijua hesabu hiyo mpaka nilipowatia wenzangu hasara. Leo, ndugu msomaji, nakusimulia jinsi nilivyowatia hasara, na jinsi bibi mmoja asiyeona vizuri alivyotufundisha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka. Huanikwa juani. Kisha huchanwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane. Chane nyingine huchemshwa pamoja na rangi. Chane zikisukwa pamoja hupatikana mkanda mrefu wenye upana wa vidole vichache. Mkanda huo ndio ukili. Ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka.

Juu ya ukili kuna pambo. Akina mama hawa huliita ua. Lakini ua la mkeka si ua la bustani. Halina jani wala shina. Ni miraba midogo na pembe tu. Msukaji hakuchora samaki, hakuchora nyumba, hakuchora mtu. Hata hivyo jicho linapenda kulitazama.

Uzuri huo unatoka wapi? Unatoka kwenye kanuni. Msukaji hajiamulii upya kila chane inapopita. Amejiwekea sharti tangu mwanzo. Kwa mfano: pita juu ya mbili, pita chini ya mbili, kisha sogea moja. Akilifuata sharti hilo bila kukosea, ua linatokea lenyewe. Akikosea mara moja tu, kosa linaonekana mpaka mkeka uchakae.

MIKEKA SITA

Mwaka mmoja alikuja mnunuzi kutoka mjini. Aliona mkeka wa bibi yetu mmoja, mzee sana, ambaye wakati huo alikuwa hasuki tena kwa sababu ya mtoto wa jicho. Maua ya mkeka ule yalipangana wima, ua juu ya ua, kama mistari ya mpunga uliopandwa kwa kamba. Mnunuzi alipendezwa. Akasema, "Nataka mikeka 6 kama huu, yote sawa, lakini mirefu zaidi kidogo. Ifike kama mita 2."

Akina mama watatu walichukua kazi hiyo. Kila mmoja mikeka 2. Walinijia kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye futi na daftari. Nikaupima mkeka wa Bibi. Ulikuwa na urefu wa sentimita 180. Nikawajibu bila kufikiri sana, "Ongezeni shibiri moja tu. Shibiri moja ni kama sentimita 20. Mtapata mita 2." Nikapanda baiskeli yangu, nikaenda zangu shambani.

Walisuka karibu kiangazi chote. Ukili wao ulikuwa mzuri. Kila mmoja alifuata kanuni ileile ya Bibi, na ua la kila mmoja lilikuwa na urefu wa sentimita 12 kamili. Lakini mikeka ilipokwisha kushonwa na kutandikwa chini, tulishangaa. Ilikuwa ya namna tatu! Katika mikeka ya mama wa kwanza maua yalipishana kama matofali ya ukuta. Katika mikeka ya mama wa pili yalikwenda mshazari. Katika ile ya mama wa tatu yalikwenda mshazari pia, lakini mshazari uliosimama zaidi. Hakuna hata mmoja uliokuwa na maua ya wima kama ule wa Bibi.

Mnunuzi alichukua mikeka 2 ya matofali. Minne aliiacha. Mama mmoja alikuwa ameitegemea fedha ile kwa sare za shule za watoto wake. Alikunja mikeka yake kimya akaondoka. Mimi nilibaki nimesimama pale sina la kusema.

"SHIBIRI YA NANI?"

Jioni tulipeleka mikeka kwa Bibi. Alikaa kizingitini. Alileta mkeka mmoja karibu kabisa na uso, akafuata maua kwa kidole, mstari baada ya mstari. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu. Kisha akauliza:

"Nani aliyewaambia waongeze urefu?"

"Ni mimi, Bibi," nikamjibu. "Niliwaambia waongeze shibiri moja."

"Shibiri ya nani, mwanangu?"

Hapo nilijua nimekosa. Tulipima viganja. Shibiri ya mama wa kwanza ilikuwa sentimita 18. Ya wa pili ilikuwa sentimita 20. Ya wa tatu, mwenye vidole virefu, ilikuwa sentimita 21. Kwa hiyo mkeka wa kwanza ulikuwa na urefu wa sentimita 198, wa pili 200, na wa tatu 201. Tofauti ni ndogo sana. Ungekuwa uzio wa kuku, nani angejali? Lakini mkeka si uzio.

"Basi hata shibiri zenu zingekuwa sawa," Bibi akaendelea, "bado mngekosea. Mkeka hauongezwi kwa shibiri. Mkeka unaongezwa kwa ua. Mzunguko ufungwe pale ua linapokwisha."

Maneno hayo ndiyo kanuni yenyewe. Ili uyaelewe, lazima ujue jinsi mikeka hii inavyoshonwa. Ukili ni mmoja, mrefu sana. Huuzungusha, wakaushona mzunguko juu ya mzunguko, mpaka linapatikana kitu kama pipa lisilo na kitako wala mfuniko. Kisha pipa hilo hukatwa upande mmoja toka juu hadi chini. Hulazwa chini, hupindwa kingo, ukawa mkeka. Kwa hiyo urefu wa mkeka ni sawa na mzunguko mmoja wa lile pipa.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Chukua kalamu.

Mkeka wa Bibi: mzunguko ni 180. Ua ni 12. Gawanya 180 kwa 12. Jibu ni 15, hakuna baki. Mzunguko unakwisha pale ua linapokwisha. Mzunguko unaofuata unaanza na ua jipya, juu kabisa ya lile la chini. Ndiyo maana maua yanasimama wima.

Mkeka wa mama wa kwanza: 198 gawanya kwa 12. Jibu ni 16, baki 6. Sita ni nusu ya ua. Kila mzunguko unaanzia katikati ya ua. Kwa hiyo maua yanapishana nusu kwa nusu, kama matofali.

Mkeka wa mama wa pili: 200 gawanya kwa 12. Jibu ni 16, baki 8. Maua yanasogea kila mzunguko. Baada ya mizunguko 3 baki zinakuwa 8 mara 3, yaani 24. Hayo ni maua 2 kamili. Basi katika mzunguko wa nne maua yanarudi kukaa juu ya yale ya mzunguko wa kwanza.

Mkeka wa mama wa tatu: 201 gawanya kwa 12. Jibu ni 16, baki 9. Hapa inachukua mizunguko 4 kurudi. Tisa mara 4 ni 36, na 36 ni maua 3 kamili.

Unaona? Ukili ni uleule. Ua ni lilelile. Kilichobadilisha sura ya mkeka ni baki. Tulipokuwa darasani tulifundishwa kwamba baki ni kile kidogo kinachobakia baada ya hesabu kwisha. Kwenye mkeka baki ndiyo inayochora.

Mnunuzi alitaka kama mita 2, na maua ya wima. Jibu lilikuwa maua 17. Kumi na saba mara 12 ni 204. Ningewaambia, "Hesabuni maua 17, kisha fungeni mzunguko," mikeka yote 6 ingekuwa sawa, hata bila futi.

JARIBU NYUMBANI

Kama hujaelewa, usione haya. Nami niliona kwa kamba kabla ya kuelewa kwa kalamu. Nilikuwa na kamba yangu ya kupandia mpunga, yenye fundo kila sentimita 20. Bibi alisema mafundo yako mbali mno. Tukachukua kamba nyembamba, tukapiga mafundo ya karibu karibu yaliyoachana sawasawa. Kisha tukaizungusha kwenye mchi wa kutwangia, mzunguko kando ya mzunguko. Mafundo yalijipanga mshazari. Tulihamia sehemu nyembamba ya mchi. Yakajipanga upya. Hakuna aliyeyapanga. Unene wa mchi na nafasi kati ya mafundo ndivyo vilivyoamua.

Jaribio jingine ni la daftari. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Tumia kalamu ya wino.

Mstari wa 1: jaza miraba 2, acha 2, jaza 2, acha 2, mpaka mwisho wa ukurasa.

Mstari wa 2: acha 1 kwanza. Kisha jaza 2, acha 2, mpaka mwisho.

Mstari wa 3: acha 2 kwanza. Kisha jaza 2, acha 2, mpaka mwisho.

Mstari wa 4: jaza 1, acha 2. Kisha jaza 2, acha 2, mpaka mwisho.

Mstari wa 5 ni sawa na wa 1.

Tazama. Umepata mistari ya mshazari inayoshuka kwenda kulia. Sasa geuza mwendo. Mstari wa 6 uwe sawa na wa 4. Wa 7 uwe sawa na wa 3. Wa 8 uwe sawa na wa 2. Wa 9 uwe sawa na wa 1. Mistari imepinda na kurudi, kama njia ya nyoka mchangani. Hukuchora nyoka. Ulifuata kanuni.

Ukitaka umbo la kashata, yaani mraba uliosimama kwa pembe, fanya jambo moja zaidi. Gawa ukurasa katikati kwa mstari wa wima. Kila unachojaza upande wa kushoto, kijaze upande wa kulia kwa kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Mjukuu wa Bibi, aliyekuwa amemaliza kisomo mwaka uleule, alifanya hivyo akapata kashata ndani ya kashata. Alifurahi kuliko siku aliyopewa cheti.

WENGINE WALIOFANYA HIVI

Jambo hili halikuanzia Mngeta wala halikuishia hapa. Kusini mwetu, nchini Msumbiji, katika mkoa wa Inhambane, akina mama husuka mikoba inayoitwa sipatsi. Mapambo yake nayo ni miraba na pembe tu. Mwalimu mmoja wa hesabu, Paulus Gerdes, alikwenda kujifunza kwao. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1952, akafundisha Msumbiji kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2014. Yeye hakwenda kuwafundisha hesabu wasukaji wale. Alikwenda kuitafuta hesabu waliyokuwa nayo tayari, akaiandika vitabuni.

Wataalamu wa hesabu wamethibitisha kwamba pambo linalojirudia kwenye mkanda mmoja lina namna 7 tu za kujirudia. Hazizidi. Namna moja ni kusogea tu, umbo lilelile likifuatana. Nyingine ni kugeuka kama kwenye kioo. Nyingine inafanana na nyayo za mtu aliyepita mchangani: wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Gerdes alizikuta namna zote 7 katika mikoba ya Inhambane. Wasukaji wale walikuwa wamezipata kwa vidole vyao.

Marekani alikuwako msanii aitwaye Sol LeWitt. Alizaliwa mwaka 1928, akafariki mwaka 2007. Mwaka 1968 alianza kuchora ukutani, huko New York, kwa vimstari vya namna nne: wima, mlalo, mshazari wa kulia na mshazari wa kushoto. Baadaye mara nyingi hakuchora yeye. Aliandika maagizo kwenye karatasi, na watu wengine wakachora kwa kufuata maagizo hayo. Ukuta ukipakwa chokaa, mchoro unapotea. Lakini karatasi ipo. Mchoro unaweza kufanywa tena kwenye ukuta mwingine.

Niliposoma habari zake nilicheka kidogo. Watu walimwona amefanya jambo jipya kabisa. Nami nilijiuliza, yule Bibi wa Mngeta ameagiza ukili mara ngapi kwa maneno, na wengine wakausuka? Ila tofauti ipo, tena kubwa. LeWitt aliandika. Kanuni za Bibi zilikuwa kichwani mwake tu.

MKINDU NAO

Niseme kidogo juu ya shamba, maana ndiyo kazi yangu. Mkindu hupenda kukaa kando ya mito na penye majimaji. Huota kwa mashina mengi pamoja. Ukikata majani machanga, usikate ya kila shina. Shina lililoachiwa hupumua na kutoa mengine.

Lakini siku hizi wakataji wa majani si tatizo kubwa kama wanaofyeka mpaka kwenye ukingo wa mto ili wapate jaruba moja zaidi la mpunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe mita 60 toka kwenye ukingo. Najua wengi hampendi kulisikia jambo hilo. Mpunga unatulisha. Hata hivyo mama anayetembea nusu siku kutafuta ukindu atauacha ukili, atanunua mkeka wa plastiki dukani. Na akiuacha ukili, kanuni zake ataziacha pia.

TULIANDIKA

Basi, baada ya hasara ile, tuliamua kuandika. Tulikutana kwa Bibi jioni tatu. Yeye alisema, mjukuu aliandika, mimi niliangalia hesabu. Hatukuandika maneno mengi. Kwa kila ua tuliandika mambo manne: idadi ya chane za kuanzia, rangi zake kwa mpango, kanuni ya juu na chini, na urefu wa ua likikamilika. Chini yake tuliandika namna ya kufunga mzunguko. Kwa maua ya wima, funga ua linapokwisha. Kwa matofali, funga katikati ya ua. Kwa mshazari, funga kwenye robo.

Upana wa chane nao tuliuandika. Msukaji akichana chane nene, ua linakuwa refu, na hesabu yote inaharibika. Jambo hilo nililisahau kabisa. Mama mwenye vidole virefu ndiye aliyenikumbusha.

Ile mikeka minne haikupotea. Mama wa pili alisema maua ya mshazari yanampendeza kuliko ya wima. Aliubakiza mmoja nyumbani kwake. Mitatu iliuzwa moja moja siku za gulio, kwa bei ndogo. Sare zilichelewa, lakini zilipatikana. Kiangazi kilichofuata walisuka mikeka ya namna tatu kwa kukusudia, na mnunuzi aliambiwa mapema achague: wima, matofali au mshazari.

Jioni ya tatu tulimsomea Bibi kila kitu tulichoandika. Mjukuu alisoma polepole, kidole chini ya neno. Bibi alifumba macho. Alikuwa amepakata mikono yake, na vidole vilikuwa vikicheza kidogo kana kwamba vina chane. Tulipofika kwenye ua la tano vidole vilisimama.

"Rudia," alisema.

Mjukuu akarudia.

"Hapo umeruka. Baada ya juu ya mbili kuna chini ya moja. Ndipo unageuka. Bila hiyo moja, ua halifungi."

Nilichukua daftari la miraba, nikajaza kama ilivyoandikwa. Kweli, halikufunga. Nikajaza kama alivyosema. Likafunga. Mjukuu akafuta, akaandika upya, akageuza ukurasa, akaanza kusoma ua la sita.